Jinsi ya kutengeneza picha yako mwenyewe kwa rangi, gundi na vipande vya karatasi

Juzi juzi nimemsaidia binti mmoja kutengeneza picha yake kwa ajili ya kazi ya darasa la sanaa, mada ilikuwa mimi ni nani na nataka kuwa nani, na maswali aliyoniuliza ndo yaleyale huwa naulizwa na karibu kila anayeanza. Kwa hiyo nayaweka hapa yote. Ni kazi ya kuchanganya vitu, yaani penseli, rangi, karatasi za kuchana, kitambaa, uzi, picha za kuprinti, vyote kwenye picha moja ya uso wako. Msimamo wangu nausema mapema: vitu unavyobandika vinatakiwa viujenge uso wenyewe. Uso uliochorwa vizuri katikati alafu ndege, stethoskopu na kofia ya mahafali zimezungushwa pembeni, hilo ni bango la matangazo.

Vifaa

Karatasi nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba kwenda juu, au kipande cha plaiwudi. Kanvasi siipendekezi kwa kazi hii kwa sababu inanesa na hatua ya nne utahitaji kusugua. Rangi za akriliki (rangi za maji zinazokauka kama plastiki), gundi nyeupe ya maji (PVA), jeli ya akriliki ile ikikauka inakuwa angavu, mkasi, wembe, sindano na uzi, na brashi za zamani za gundi ambazo huzigusishi rangi. Gundi ya kijiti iache kabisa, ikikauka kona zinaachia moja moja.

Hatua ya 1: Andika kabla hujachora

Kaa na daftari ujibu maswali matatu: nini kimenifanya niwe nilivyo, nini watu wanadhani kuhusu mimi na sio kweli, na nataka kuwa nani. Andika vitu vinavyoshikika, sifa ziache. "Mimi ni jasiri" huwezi kuibandika popote. Mwandiko wa bibi kwenye barua, kitambaa cha shati la zamani, tiketi ya safari ya kwanza kusafiri peke yako, ramani ya mtaa mliohama ukiwa mdogo, hivyo vina rangi, vina kingo, vinachanika.

Kwenye swali la tatu usiishie kwenye jina la kazi. Yule binti aliniambia anataka kuwa injinia wa madaraja, nikamuuliza kipi hasa kinakuvuta huko, akafikiri kidogo akasema anapenda vile nyaya nyembamba zinavyobeba uzito mkubwa. Basi hapo tayari picha ipo! Daraja lenyewe hatukulichora kabisa, tulichukua zile nyaya tu, nitaeleza huko chini.

Hatua ya 2: Piga picha, hamisha mchoro

Usitumie selfi ya mkono. Simu ikiwa karibu na uso pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma, na ukichora hivyo kila mtu atasema picha haifanani na wewe, ila hata yeye hatajua kwa nini. Weka simu mita moja na nusu hadi mbili, washa taima, kaa karibu na dirisha ili mwanga utokee upande mmoja, alafu kata picha baadaye.

Kuchora kwa kufuatiliza sio dhambi. Printi picha kwa ukubwa unaotaka, paka penseli laini nyuma yake, iweke juu ya karatasi yako, pitisha kalamu kwenye mistari mikuu. Ukiamua kuchora kwa macho, kumbuka macho yanakaa katikati ya urefu wa kichwa (wengi wanayapandisha juu sana kwa kusahau paji la uso na nywele) na kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja.

Hatua ya 3: Tabaka la chini

Chana karatasi zako, bandika, acha ikauke. Kuchana kwa mkono kunapendeza kuliko mkasi kwenye mashavu na shingo kwa sababu kingo zinakuwa laini, mkasi uwekee sehemu kali kama kola au mstari wa taya.

Karatasi ikilowa inatanuka, ndo maana inajikunja ukiibandika. Paka gundi chini NA nyuma ya kipande, subiri kidogo ilegee, ndo ulaze, bonyeza kutoka katikati kwenda nje. Gazeti halisi litakuwa la njano baada ya muda kwa sababu ya mwanga na hewa, kwa hiyo toa fotokopi ya ukurasa kwenye karatasi nyeupe utumie hiyo. Na barua au picha halisi za familia USIBANDIKE, fotokopi tu, hata kama umeambiwa hazina kazi.

Hatua ya 4: Kuhamisha picha iingie kwenye ngozi

Hapa ndo watu wanapoteza masaa, kwa hiyo soma taratibu.

Lengo ni wino wa picha ubaki kwenye kazi yako bila karatasi yake, ili picha ya zamani au maandishi yaonekane kama yapo ndani ya shavu. Msanii Njideka Akunyili Crosby, mzaliwa wa Nigeria anayefanya kazi Marekani, anahamisha picha nyingi ndogo ndogo ndani ya michoro yake mikubwa, kwenye kuta, nguo, hata kwenye miili ya watu anaowachora, njia yake ni ya kuyeyusha wino kwa kemikali. Angalia kazi zake kabla hujaanza utaelewa nataka ufike wapi. Njia ninayoeleza hapa ni ya jeli, haina harufu kali na unaweza kuifanya chumbani.

Kwanza printa. Lazima iwe ya leza au fotokopi. Wino wake ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa moto ukashika karatasi, maji hayaufanyi kitu. Printa nyingi za nyumbani zinatumia wino wa maji, ukilowesha tu unasambaa na kazi yote inachafuka. Kama hujui printa ni ipi, lowesha kidole usugue kona ya karatasi, ukiona rangi inatoka usiendelee. Tumia karatasi nyembamba ya kawaida ya ofisini, ile ya picha inayong'aa haifai.

Pili, igeuze picha kushoto kulia kwenye simu kabla ya kuprinti, maana utailaza kifudifudi. Kwa uso unaweza usione tofauti ila kwa maandishi yatasomeka nyuma mbele na hakuna namna ya kuyarekebisha yakishakauka.

Tatu, na hili ndo linalosahaulika sana: sehemu nyeupe za picha hazihami. Nyeupe ni karatasi, na karatasi unaitoa, kwa hiyo pale patakuwa wazi na rangi ya chini itaonekana. Ukihamishia picha juu ya kahawia nzito haitaonekana kabisa. Kwa hiyo lile eneo lipake kwanza rangi hafifu, krimu au kahawia iliyochanganywa na nyeupe nyingi, acha ikauke.

Sasa paka jeli kwenye kazi, tabaka jembamba lililo sawa, usiache kisiwa kikavu kwa sababu palipo pakavu picha haitashika. Laza picha sura ikiangalia chini. Chukua kadi ngumu ya plastiki, vuta kutoka katikati kwenda pembeni utoe hewa yote, na jeli ikitokea pembeni ifute haraka isipande mgongoni mwa karatasi, kwa sababu ikikauka pale maji hayatapenya na hutaweza kuitoa.

Acha ikauke usiku mzima. Usiku mzima kweli, na kama hali ya hewa ni ya unyevu ongeza siku. Usitumie draya ya nywele, inakausha juu tu na chini kunabaki kubichi, ukija kusugua tabaka lote la picha linanyanyuka.

Kesho yake lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji, subiri mpaka uone picha inaanza kuonekana kwa ndani, alafu sugua kwa ncha ya kidole, mizunguko midogo, polepole. Karatasi itaanza kujiviringa vipande vidogo kama uchafu wa raba. Kucha usitumie! Ukiona umemaliza acha ikauke, utakuta ukungu mweupe umerudi, hilo ni kawaida, ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena, kwa wepesi zaidi. Ukungu wa mwisho kabisa usiushindanie, ukipaka jeli nyembamba juu unapotea wenyewe. Wanaong'ang'ania kuusugua wote ndo wanaofuta jicho la babu kwenye picha.

Na watu huniuliza kama gundi nyeupe inaweza kuchukua nafasi ya jeli. Kwa kubandika sawa, kwa kuhamisha hapana, kwa sababu nyingi zinalainika tena zikilowa na hatua hii yote ni ya maji.

Fanya jaribio kwenye kipande kingine kwanza, kwa karatasi ileile, jeli ileile.

Hatua ya 5: Ngozi

Rangi iliyoandikwa "ngozi" kwenye chupa achana nayo. Chukua kahawia nyekundu, bluu ya ultramarini, njano ya udongo na nyeupe, hizo nne zinakutosha kwa ngozi yoyote ile. Kivuli usikitoe kwa nyeusi, inafanya uso uonekane umekufa, changanya kahawia na bluu utapata giza lenye uhai. Paka nyembamba, rangi yenye maji, ili ulivyobandika na kuhamisha vionekane chini yake. Ziba pale tu panapohitaji: mboni, matundu ya pua, mstari kati ya midomo.

Ukitaka kuona uso unavyoweza kujengwa na vipande kabisa tafuta kolaji (picha za vipande vilivyobandikwa) za msanii Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, anatumia vipande vya majarida na wino kutengeneza nyuso ambazo huwezi kuacha kuzitazama.

Hatua ya 6: Ndoto

Rudi kwenye daftari, swali la tatu. Kwa yule binti zile nyaya za daraja zikawa nywele zake. Tulitumia uzi mweusi wa kushonea, umetoka kwenye paji la uso ukavutwa mpaka ukingo wa juu wa karatasi, umekaza, na kwenye mabega tukapitisha penseli tu mistari ya vipimo bila rangi. Ukikaa mbele yake unaona nywele, ukisogea unaona nyaya zimebeba kichwa.

Kama unajua utashona, chagua karatasi na sio plaiwudi. Shona baada ya rangi kukauka kwa sababu akriliki inaifanya karatasi iwe imara. Toboa matundu yote kwanza kwa sindano tupu, weka taulo lililokunjwa chini, na yaachane kama milimita 5, yakikaribiana zaidi karatasi inakatika kama stempu za posta. Alafu ndo upitishe uzi, ncha zifunge nyuma kwa tepu.

Mimi napendelea upande wa ndoto ubaki mwepesi, penseli ionekane, sehemu nyingine ziwe karatasi tupu. Yaliyopita yana matabaka mengi, hayo mengine bado unayaendea. Maneno ya hamasa ya kukata kwenye majarida siyapendi hapa, kama lazima kuwe na maandishi basi yawe mwandiko wako.

Hatua ya 7: Kufunga kazi

Pasteli za mafuta (chaki za rangi zenye mafuta), kama unazitumia, ziwe za mwisho, akriliki haishiki juu ya mafuta. Mkaa wa kuchorea upulizie dawa yake ya kushikilia, nje au dirisha likiwa wazi. Kama umetumia akriliki na karatasi tu, paka vanishi isiyong'aa mara mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka. Kama kuna pasteli au mkaa usipitishe brashi kabisa, weka kwenye fremu ya kioo yenye ukingo wa kadibodi ndani ili kioo kisiguse kazi. Kwenye kazi yenye uzi ukingo huo uwe mnene zaidi, maana uzi na tepu za nyuma zinaisukuma karatasi mbele.