Kuandaa ardhi ya Dar kwa ghorofa na yadi ya pevingi: anza na maji

Usinunue hata lori moja la kifusi kabla hujajua maji ya ardhini yako kina gani. Kwenye kiwanja cha Mikocheni au kando ya bonde la Msimbazi, shimo linaloonekana kavu Septemba linaweza kujaa maji Aprili. Mpimaji akimaliza kutoboa, aache bomba la plastiki lenye matundu katika shimo mojawapo, alifunike vizuri, na kina cha maji kipimwe mpaka masika yaishe. Maji yakiwa juu kabisa, hicho ndicho kina cha kuingiza kwenye hesabu za jengo na za yadi.

Tuanze na jengo. Wengi hudhani tetemeko ni habari ya Bukoba tu, lililotokea 10 Septemba 2016. Lakini usiku wa 12 Agosti 2020 Dar nayo ilitikisika, na chanzo kilikuwa baharini, kusini mashariki mwa jiji. Kwa ghorofa, agiza kipimo cha SPT (kuhesabu mapigo ya nyundo yanayozamisha bomba la chuma chini ya shimo) kila mita 1.5. Nyundo ya kilo 63.5 hudondoka sentimita 76. Mapigo ya sentimita 15 za kwanza hayahesabiwi, ya sentimita 30 zinazofuata ndiyo hujumlishwa. Kwa Eurocode 8 ya 2004 (kanuni za Ulaya za majengo na matetemeko), mapigo chini ya 15 ni ardhi ya kundi D, iliyo legevu zaidi, 15 hadi 50 ni kundi C, iliyoshikana zaidi. Kundi hilo hutokana na hali ya mita 30 za juu, kwa hiyo ripoti ya shimo la mita 6 haiwezi kulithibitisha.

Simamia utobozi mwenyewe. Maji ndani ya shimo yakishushwa chini ya maji ya ardhini, mchanga huchemka, yaani husukumwa juu na maji kutoka chini, na mapigo yatasomeka machache kuliko ukweli. Upande wa Msasani kosa huwa kinyume: wanagonga jiwe la matumbawe wanasema "mwamba huu" na kufungasha. Matumbawe yana mapango. Toboa uyapite, uone kilichoko chini yake.

Cha kuogopa zaidi ni mchanga mlegevu uliojaa maji ndani ya mita 15 za juu. Ukitikiswa, chembe hutaka kukaribiana, maji hayapati muda wa kutoka, basi mzigo unabebwa na maji badala ya chembe, na mchanga unageuka uji. Kuongeza unene wa jamvi la zege (msingi wa bamba moja chini ya jengo zima) hakuponyi hilo; jengo litainama likiwa zima. Tabaka likiwa juu, chimba, rudisha kifusi kwa kushindilia. Likiwa chini, weka nguzo za kokoto au teremsha nguzo za msingi hadi tabaka gumu, bila kuhesabu msuguano wa sehemu itakayogeuka uji. Misingi ya nguzo moja moja ifungwe kwa graundi bimu (mihimili ya zege inayounganisha misingi), kwa urefu na kwa upana wa jengo.

Sasa yadi. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha piga DCP, fimbo ya chuma yenye koni inayogongwa ardhini: nyundo ya kilo 8, mdondoko wa milimita 575. Koni ikizama milimita 20 kwa pigo, CBR (kipimo cha nguvu ya ardhi kubeba magari) ni kama asilimia 13. Ikizama 60, ni kama 4, na hapo malori yatazamisha pevingi. Kumbuka kwamba kipimo cha kiangazi hudanganya; pima baada ya mvua au loweka sampuli maabara siku 4. Udongo mweusi unaovimba uondoe, usiuchanganye na kifusi kizuri.

Jaza kwa tabaka za milimita 150 zilizokwisha kushindiliwa, unyevu ukikaribia ule ambao maabara imeonyesha udongo hushindilika vizuri zaidi. Kisha dai kipimo cha ushindiliaji kwa mchanga (huchimbwa kishimo, kisha hujazwa mchanga ili kujua ujazo wake), usiridhike na alama za rola. Mfano: udongo uliotoka kishimoni ni gramu 2,940, ujazo sentimita za ujazo 1,500, sawa na gramu 1.96 kwa kila sentimita ya ujazo. Unyevu ni asilimia 9, hivyo gawa kwa 1.09 upate uzito mkavu, 1.80. Kama uzito mkavu wa juu kabisa uliopatikana maabara ni 1.95, umefikia asilimia 92. Ulitakiwa 95, kwa hiyo kwangua, rekebisha maji, rudia. Mkandarasi atalalamika, mwache alalamike.

Juu yake, milimita 150 za kokoto zilizochanganywa na vumbi lake (za Lugoba zinafaa), mchanga wa kulazia milimita 30, halafu tofali za milimita 80 kwa malori au 60 kwa magari madogo. Mabonde ya kokoto yasisawazishwe kwa mchanga mnene: ndipo matairi yatakapochora mitaro. Kingo za zege zitangulie, mteremko uwe asilimia 2 au zaidi, na mchanga wa kulazia upate tundu la kutolea maji mtaroni. Pasipo tundu hilo, maji hukaa chini ya tofali, na kila lori linalopita hupampu mchanga nje kupitia maungio.