Kununua Omega Seamaster ya miaka ya 1960: anza na uso, kisha fungua mfuniko

Kwa anayeanza kununua saa za zamani za kifahari, Seamaster za otomatiki (zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono) za miaka ya 1960, za kampuni ya Omega, ni mahali pazuri pa kuanzia. Zilitengenezwa nyingi, spea zake bado zinapatikana, na fundi saa mzoefu anaijua mashine yake. Kwa sababu hizohizo zinachezewa sana. Kasha la saa moja hutiwa mashine ya nyingine, uso hupakwa rangi upya, akrabu hutoka kwingine kabisa, halafu mnunuzi huambiwa saa ilikuwa kabatini kwa marehemu babu.

Kabla ya kuzungumza bei, omba picha nne: uso ukiwa umepigwa moja kwa moja bila taa kuakisi kwenye kioo, upande wa kasha na ufunguo wake (kile kifundo cha pembeni cha kujazia na kusetia saa), mashine ikiwa wazi, na ndani ya mfuniko wa nyuma. Muuzaji asiye na kifaa cha kufungulia aipeleke kwa fundi. Ni kazi ya dakika chache. Asijaribu kwa kisu, maana kitakwaruza ukingo, na kikiteleza kitaumiza mashine. Akikataa kabisa kufungua, achana naye, hata kama bei inavutia. Hasa kama bei inavutia.

Ndani ya mfuniko kuna namba ya modeli. Modeli 165.002 haina tarehe na hutumia kaliba (yaani aina ya mashine) 552. Modeli 166.010 ina tarehe na hutumia 562 au 565. Kaliba imechongwa kwenye mashine yenyewe, pamoja na namba yake ya utambulisho: ya tarakimu nane inayoanza na 20 ni ya takriban 1963, na inayoanza na 24 ni ya takriban 1966. Mfuniko ukisema 166.010 na uso hauna dirisha la tarehe, hapo una vipande vya saa mbili. Namba ya utambulisho katika saa hizi iko kwenye mashine tu, haimo kwenye kasha, kwa hiyo haitoshi peke yake. Modeli, kaliba, uso na umri lazima vyote vikubaliane.

Na usione haya kukagua sana, kwani hata wakubwa huingizwa mjini. Novemba 2021, Speedmaster modeli 2915-1, saa nyingine ya Omega, iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na aliyeinunua alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 ikatangazwa kuwa ilikuwa imeungwa kwa vipande vya saa mbalimbali.

Sasa uso, na hapa usiharakishe. Mashine iliyochoka hutengenezwa, kioo hubadilishwa, mkanda hununuliwa mpya. Uso ukishapakwa rangi upya, hali yake ya kwanza hairudi tena, na wakusanyaji hulipa pungufu sana kwa saa ya namna hiyo. Chukua lenzi ya mara 10. Herufi za kiwandani zina kingo kali na unene ulio sawa. Za kupakwa upya huvimba, hupinda au huachana kwa nafasi zisizo sawa. Tazama jinsi mistari ya dakika inavyokutana na alama za saa zilizobandikwa: iwe imelenga katikati, isipande juu ya alama wala kupotea chini yake. Tazama pia ukingo wa uso. Kijino kilichokatwa pembeni mara nyingi kiliwekwa na aliyepaka rangi, ili aweze kuulenga uso wakati wa kuchapa herufi.

Kisha soma mstari wa chini kabisa. Uso wenye rangi ya kung'aa gizani wa miaka hiyo, ikiwa rangi hiyo ni ya tritiumu (kemikali yenye mionzi inayoifanya ing'ae), kwa kawaida huandikwa T SWISS MADE T. Nguvu ya tritiumu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo saa ya 1966 haiwezi leo kung'aa usiku kucha. Ikifanya hivyo, rangi imewekwa upya. Rangi ya akrabu na ya uso pia ifanane kwa uzee. Akrabu zenye rangi nyeupe kwenye uso ambao rangi yake imeiva na kuwa ya krimu zimebadilishwa. Kwa maoni yetu, uso wenye madoa ya kweli ni bora kuliko uso mweupe pee usio na historia.

Wasomaji wa Muscat na Unguja wakutane na onyo moja la ziada. Sultan Qaboos bin Said wa Oman, aliyetawala 1970 hadi 2020, alijulikana kwa kutoa zawadi za saa zenye nembo ya khanjari (jambia la Oman), na nembo hiyo hupandisha bei mara nyingi. Kwa hiyo watu huichapa juu ya nyuso za kawaida. Ukiona khanjari kwenye saa ambayo mashine yake ni ya 1963, tia shaka papo hapo, kisha dai nyaraka za aliyepewa.

Kwenye kasha, tafuta kingo. Pembe nne zinazoshika mkanda ziwe na mikunjo iliyochongoka. Zikiwa duara kama sabuni iliyotumika, kasha limepigwa polishi mara nyingi mno. Farasi wa baharini aliyechongwa kwenye mfuniko wa modeli nyingi hutoa ushahidi uleule akiwa amefifia. Katika saa za dhahabu, usichanganye dhahabu kamili na ya kuchovya: ya karati 18 huwa na alama ya 0.750 na kichwa cha mwanamke Helvetia ndani ya mfuniko. Ya kuchovya hulika kwanza kwenye ncha za pembe, na chuma cha chini huonekana. Kioo orijino cha plastiki kina Ω ndogo sana katikati, inayoonekana kwa lenzi. Mikwaruzo ya kioo hicho isikutishe, husuguliwa ikaisha.

Mashine nzima iwe na rangi ya shaba nyekundu. Tafuta kutu kwenye skrubu na kuzunguka mhimili wa ufunguo, njia ambayo maji hupitia. Ugonjwa unaojulikana wa kaliba hizi ni kulika kwa kiti cha uzito unaozunguka ndani na kuijaza saa: utauona ukiyumba, na mikwaruzo ya duara ndani ya mfuniko. Hutengenezeka, lakini punguza gharama hiyo kwenye bei. Sekunde kuendelea kutembea unapovuta ufunguo si ubovu, ndivyo zilivyoundwa.

Mwombe fundi aiweke kwenye mashine ya kupimia mapigo, akiwa ameseti mapigo 19,800 kwa saa na pembe ya kuinua (“lift angle”, kipimo ambacho kifaa hicho hutumia kukokotoa mbembeo) ya digrii 49. Saa iliyojazwa kamili, uso ukitazama juu, gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi, libembee digrii 250 au zaidi. Chini ya 220, mafuta yamekauka au springi imechoka. Tofauti ya mapigo ya kwenda na kurudi isizidi milisekunde 1. Saa inayokimbia dakika nyingi kwa siku huenda imeshika sumaku tu, na kuitoa ni kazi ya dakika moja.

Bei ilinganishe na saa zilizokwisha kuuzwa, usiangalie zinazotangazwa. Jumlisha usafiri, ushuru, VAT na huduma kamili ya fundi, hata kama muuzaji anaapa imehudumiwa juzi. Bila risiti ya fundi, hesabu kwamba haijahudumiwa. Lipa kwa njia inayokupa nafasi ya kurudisha, kamwe usitume pesa moja kwa moja kwa mtu usiyemjua.

Ukishaipata, usisadiki jina Seamaster, yaani “bwana wa bahari”. Mipira ya kuzuia maji ya miaka 60 imekauka. Ivue kabla ya kutawadha, na jasho la pwani ulifute kila jioni. Unapompa fundi kwa huduma ya kwanza, mwambie abadilishe mipira, akurudishie kila kipande cha zamani anachokitoa, asiguse uso, na kasha asilipige polishi.