Wifi ya ofisini inagoma? Jua kwanza nani anakagua paswedi

Ile wifi ya ofisini au chuoni inayokuuliza jina na paswedi yako mwenyewe kwa kawaida inatumia 802.1X, utaratibu wa kukagua mtu kabla hajaingia kwenye mtandao, na hapo wanaongea watatu: kifaa chako, akses pointi, yaani kile kinachorusha wifi (kwenye waya ni swichi), na seva ya RADIUS, ambayo ndo inakagua. Wengi wanadhani akses pointi ndo inakagua paswedi. Hapana, yenyewe ni kama mlinzi wa getini tu, anakusimamisha anauliza ndani, akiambiwa ruhusu anafungua.

Kuseti sasa. Kwenye akses pointi chagua WPA2 au WPA3 Enterprise, weka IP ya seva, poti 1812 ya UDP na siri ya pamoja (neno la siri kati ya akses pointi na seva, sio paswedi yako), alafu nenda kwenye seva uisajili hiyo akses pointi kwa IP yake na siri ileile, herufi kwa herufi. Hapa ndo watu wanakwama, maana RADIUS ikipata ombi toka IP isiyoijua haijibu kitu, inanyamaza, huku simu yako inazunguka weee mpaka inachoka na wewe unabadilisha paswedi bure.

Usibahatishe, soma logi. Kama seva inatumia programu ya FreeRADIUS izime kwanza, kisha iwashe kwa radiusd -X (kwenye Debian na Ubuntu ni freeradius -X) ujaribu kukonekti tena. Kimya kabisa, ombi halijafika, angalia fayawoli na IP. Ukiona "unknown client" hujasajili akses pointi, ukiona "Shared secret is incorrect" siri hazifanani. Ikija Access-Reject, hapo njia ni nzima, seva imekusikia ikakukataa, kwa hiyo mara nyingi shida iko kwenye jina, paswedi au sertifiketi (cheti cha kidijitali) ya mtumiaji.

Halafu kwenye simu, ile sehemu ya sertifiketi usiweke "usithibitishe" hata kama inaharakisha mambo. Mtu akiwasha akses pointi yake yenye jina kama la kwenu, simu itamwamini na atapata data za kuivunjia paswedi yako. Chagua CA sahihi (yule aliyetoa sertifiketi ya seva) na uandike domeni ya seva. Ukiweza hamia EAP-TLS kabisa, inayotumia sertifiketi badala ya paswedi, hakuna paswedi ya kuiba.

Printa za zamani zisizojua 802.1X zinaruhusiwa kwa anwani ya MAC (namba ya kifaa chenyewe), ambayo yeyote anaweza kuiga, kwa hiyo ziweke kwenye VLAN yao peke yao, yaani mtandao uliotengwa.