Umerudi RuneScape baada ya miaka? Anza hivi
Kwanza jua hii gemu ya mtandaoni ziko mbili, ile iliyoendelea kubadilika tangu 2001 na Old School, hii ilifunguliwa Februari 2013 kutoka kwenye kopi ya gemu ya Agosti 2007. Kama unatafuta ile ladha ya intaneti kafe ya Sinza, jero mkononi na foleni nyuma yako, ingia Old School.

Wiki ya kwanza usiguse kitu kipya. Zunguka Lumbridge, mji wa kuanzia, mpelekee mpishi yai, maziwa na unga wake, ua kuku, kata miti, basi. Hamu ikipungua (yangu iliisha siku ya tatu, aibu kweli) ndo uchague apdeti moja, sio zote, mfano Varlamore, eneo jipya la 2024, japo hiyo lazima ulipie membaship. Kipimo changu ni kimoja tu, kitu kipya kikinifanya nisiwe na sababu ya kurudi kule kwa zamani nakiacha, hata kama kinalipa.

Tangu 2018 akaunti moja inafanya kazi kwenye simu na kompyuta, so mi ya zamani kama kuvua samaki nacheza kwenye daladala foleni ya Ubungo, ya mapya nasubiri nifike home, maana bosi mpya (adui mkubwa wa kwenye gemu) anataka vidole vyepesi na neti ikikata katikati ya pambano umekwisha.

Halafu piga kura bana. Mabadiliko makubwa ya Old School yanapigiwa kura na wachezaji na yanahitaji 70%, zamani ilikuwa 75.