Gari la mkononi kwa familia ya Mwanza: jinsi ya kulichagua lisikumalize

Mtu anayetafuta gari la familia la mkononi, yaani lililokwisha kutumika, huanza na bei, na ni haki yake. Hata hivyo, kwa mkazi wa Mwanza swali linalomlinda zaidi ni kiasi ambacho gari hilo litakula kila mwezi baada ya kununuliwa. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kufidia mapato yake kwenye kodi ya mafuta, kwa hiyo kila lita unayojaza imebeba kodi hiyo ndani yake. Zaidi ya hapo, bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, huwa juu Mwanza kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta husafirishwa kwa zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kufika huku.

Piga hesabu kabla hujaenda yadi au kumpigia dalali simu. Tuchukue familia inayoishi Buhongwa, ambayo mzazi huingia mjini kila siku baada ya kupeleka watoto shuleni, na tuseme gari hutembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litatumia lita 87 hivi, na linalokwenda kilomita 8 litatumia lita 130. Lita ikiwa shilingi 3,000, tofauti inakuwa takriban shilingi 130,000 kwa mwezi. Punguzo la laki tano ulilofurahia siku ya kununua litakuwa limekwisha ndani ya miezi minne.

Ndiyo maana nashauri ubaki kwenye injini ya cc 1,500, hasa ile ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, ambayo utaikuta kwenye IST za mwanzo, Raum, Corolla Spacio, Sienta na Probox. Injini hiyo hutumia cheni ya taimingi, hivyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya maelfu ya kilomita, na mafundi wa Nyakato na Igoma wanaifahamu vizuri. Ningekuwa na watoto watatu au wanne ningetafuta Spacio yenye safu tatu za viti, nikijua kwamba safu ya nyuma inafaa watoto tu. Sienta ina milango ya pembeni ya kuteleza, ambayo ni msaada mkubwa kwa mzazi aliyebeba mtoto, lakini nyingi zina giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) inayohitaji oili yake maalumu; muuzaji asiyejua ni oili gani iliwekwa mara ya mwisho amekwishakupa jibu. Passo ya cc 1,000 hutumia mafuta kidogo sana, ila ikibeba watu watano na mizigo kwenye vilima vyetu hulemewa. Wish ya cc 1,800 ni gari zuri la watu saba, lakini pima oili yake kwa makini, maana zile za mwanzo zinajulikana kwa kula oili.

Ukishapata gari la kuangalia, omba ulione asubuhi, kabla halijawashwa, na uende na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Nimewahi kufika nyumbani kwa muuzaji saa 1 asubuhi kama tulivyokubaliana, nikaweka kiganja juu ya boneti na kukuta ina joto. Aliniambia alitoka kununua mkate. Niliaga, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha moshi wa kuwasha na mlio wa cheni iliyolegea.

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha kuwa gari limekuwa likijazwa maji ya bomba badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini. Fungua pia mfuniko wa oili. Ukiona utando kama maziwa, shuku kwamba gasketi ya silinda hedi imeharibika na maji yanaingia kwenye oili. Kisha funga vyote, washa gari, na uguse bomba la chini la rejeta. Thamostati, yaani kizibo kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ikiwapo, bomba hilo hubaki la baridi kwa dakika kadhaa, halafu ndipo huanza kupata moto. Likianza kupata joto polepole tangu mwanzo, yaelekea thamostati imetolewa, jambo ambalo baadhi ya mafundi hulifanya ili gari lisichemshe. Injini isiyofikia joto lake huongeza matumizi ya mafuta, na tatizo la awali la kuchemsha linabaki palepale. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya kawaida huchemka kabla ya kufika nyuzi 97, kwa hiyo hata mfuniko wa rejeta uliolegea una madhara hapa.

Baada ya hapo lipeleke mlimani. Panda Bugando au Isamilo mkiwa watu wanne, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na usikilize giaboksi. Injini ikipiga kelele zaidi huku mwendo hauongezeki, giaboksi inateleza, na matengenezo yake yanaweza kumeza sehemu kubwa ya bei ya gari lenyewe. Mkifika juu, liache gari likiunguruma kwa dakika kumi na uangalie kipimo cha joto.

Usisahau kuangalia chini. Njia nyingi za mitaa yetu ya milimani ni mawe matupu, na sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini) iliyobonyea au kuchomelewa inaeleza vizuri zaidi jinsi gari lilivyoendeshwa kuliko kilomita za kwenye dashibodi, ambazo hurudishwa nyuma kwa urahisi. Nyanyua zulia la buti, uinue na tairi la akiba, upapase bati kwa vidole. Gari lililobeba samaki mara kwa mara huwa na kutu mahali hapo, kwa sababu maji ya barafu yenye damu hupenya chini ya zulia na kukaa. Harufu inaweza kuoshwa kwa wiki moja, lakini bati halirudi. Kwenye matairi soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 3519 ina maana wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Kuhusu namba ya usajili, watu hulipia zaidi gari la namba D au E kuliko la namba C, lakini herufi hiyo, ya kwanza kati ya tatu za mwisho, huonyesha tu wakati gari liliposajiliwa nchini. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya usajili, na huo ndio wa kuzingatia. Linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu, na utake kuiona kadi halisi, kwa kuwa kadi nyingi huwekwa rehani kwa wakopeshaji na mnunuzi huonyeshwa nakala. Tafuta kwa namba ya gari kama kuna faini za barabarani au madeni ya maegesho, na uhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki, na uhamisho wa umiliki TRA ushughulikiwe mara moja, kila mmoja wenu akiwa na namba yake ya mlipakodi. Kubalianeni tangu mwanzo nani atalipa gharama za uhamisho, na sehemu ya mwisho ya fedha ibaki kwako mpaka kadi itoke ikiwa na jina lako.