"Nyumba ya mama": kabla hujaingia kwenye holseli ya nyumba Texas, soma hii

Wadogo zangu mliofika Marekani juzi juzi, mnaoshinda kwenye video za vijana wamesimama mbele ya gari kali wakisema nimepiga dola 15,000 bila mtaji bila leseni, njooni tuongee. Mimi nimeifanya hii kitu hapa Dallas, nilianza nina miaka 22, usiku napakia mizigo ghalani mchana natafuta nyumba, na dili langu la kwanza lilinitoa hela na heshima yangu yote kwa shangazi. Hela ipo jamani, sikatai. Ila kuna shimo moja nimelitumbukia mzima mzima na mpaka leo naona vijana wetu wanalikimbilia.

Kwa asiyejua, holseli inafanana na udalali ila sio udalali. Dalali wa Sinza anakuonyesha nyumba ya mtu, anakula kodi ya mwezi mmoja, mnaachana. Huku wewe unasaini mkataba na mwenye nyumba kwamba utainunua kwa bei fulani, halafu kabla ya siku ya klosingi, yaani siku ya kukamilisha mauzo, unauhamisha mkataba kwa mwekezaji mwenye keshi, yeye ananunua na wewe unalipwa tofauti. Unachouza ni haki yako kwenye mkataba, sio nyumba! Texas tangu 2017 sheria inataka umwambie mtu hilo wazi, ukimwaga picha za nyumba mtandaoni kama vile ni yako au wewe ni ajenti unajitafutia. Majimbo mengine yamebana zaidi, Illinois ukizidisha dili moja ndani ya miezi 12 wanataka leseni, Oklahoma walikaza 2021, Pennsylvania nao leseni tangu 2025, kwa hiyo usichukue mkataba wa jamaa yako wa Houston ukaenda nao Chicago. Na kama upo kwa viza ya mwanafunzi ongea na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, usije ukapoteza viza kwa ajili ya bati la mtu.

Hatua zenyewe sio ngumu. Unazunguka na gari mitaa iliyochoka, nyasi ndefu, barua zimejaa mlangoni, unaandika anuani. Unamtumia mwenyewe barua au unagonga mlango. Meseji za jumla kama zile za mikopo ya simu kule nyumbani achana nazo, huku kuna orodha ya watu wasiotaka kusumbuliwa na mtu anaweza kukudai dola 500 mpaka 1,500 kwa kila meseji, na anapiga screenshot zote. Hesabu ni hii: nyumba ikishatengenezwa itauzwa 240,000, chukua asilimia 70 ni 168,000, toa matengenezo 55,000, inabaki 113,000, hapo ndio mwisho wa bei ya mwekezaji, na chako kinatoka humo humo. Unaweka kishika uchumba dola 100 kwenye kampuni ya taito, hawa ndio wanaochimba historia ya nyumba na kushika hela za pande zote mpaka mwisho.

Sasa shimo. Nyumba ilikuwa Oak Cliff, mitaa ya hapa hapa Dallas, paa limefunikwa turubai la bluu, mzee wa miaka kama sitini kakaa barazani. Akanikaribisha vizuri sana, akanipa chai ya barafu yenye sukari ya kuua, tukaongea mpira wa kwao nisioujua. Akasema this is my mama's house, akarudia tena, my mama's house. Nyumba ya mama. Mara tatu kalisema na mara tatu mimi naitikia kwa kichwa.

Nyie niambieni, Tanzania mtu akikwambia nauza nyumba ya mama unafanyaje? Mtoto wa darasa la saba anajua! Unauliza mama yuko wapi, kama katangulia mirathi imefunguliwa, msimamizi nani, kikao cha ukoo kimekaa, muhtasari uko wapi, na yule mdogo wenu wa Tabora kasaini? Kenya vile vile, bila ile karatasi ya mahakama hununui shamba la marehemu. Sisi tumezaliwa tunajua hizi vita. Ila nilivyoshuka DFW naona nikazivulia uwanjani, nikaona hii ni Marekani bwana, kila kitu kipo kwenye kompyuta, mtu hawezi kuuza kisicho chake.

Akanionyesha na risiti za kodi ya nyumba kalipa yeye miaka yote. Nikamaliza kabisa, nikajua huyu ndio mwenyewe. Nyumbani kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU tangu 2021, mpangaji akinunua umeme anakatwa, je kawa mwenye nyumba? Kulipa kodi sio kumiliki. Narudia, kulipa kodi sio kumiliki.

Tukasaini kwa dola laki moja. Mwekezaji nikampata siku ya sita kwa 112,000, yaani 12,000 yangu. Mzee akasema hana hela ya kuhama na umeme unadaiwa, nikamtumia dola 1,800 kwa simu, bila karatasi, kwa huruma na kwa haraka. Na hapo ndio nikafanya ujinga wa pili, nikaandika kwenye grupu la ukoo "Mungu ni mwema, nimeuza nyumba Marekani". Shangazi akaniandika kwenye kamati ya harusi milioni tatu siku hiyo hiyo. Binamu akataka kunitumia milioni tano nimwekezee. Ndugu zetu tunawapenda, ila mkataba sio hela, na mtu anayekusanya hela za ndugu kwa dili ambalo halijafungwa anajitafutia kesi ya ukoo.

Wiki ya tatu kampuni ya taito wakanipigia. Hati ipo kwa jina la mama. Mama kafariki 2011, wosia hakuna, mahakamani haikwenda kitu. Watoto watano. Mmoja yupo California na hajaongea na mzee miaka kumi, mmoja kafariki kaacha watoto wawili na mdogo ana miaka 14, huyo hawezi kusaini bila mahakama kuingilia. Mwekezaji akachukua amana yake akaondoka, na simu zangu hakupokea tena. Ile 1,800 mzee alishalipa madeni, na mimi siwezi kumwita tapeli kwa sababu kwa moyo wake ile nyumba ni yake, kamuuguza mama humo ndani peke yake.

Hapa ndio nawashangaa Wamarekani. Wana mahakama kila kona, wana wanasheria kwenye mabango ya barabarani, na wanakufa bila wosia kama sisi tu. Sisi vikao vya ukoo vinatuchosha, maneno mengi na pilau juu, lakini mwisho saini zinapatikana. Huyu mzee hana hata namba ya simu ya dada yake.

Kwa hiyo kabla ya saini, kabla ya chai, fungua tovuti ya ofisi ya tathmini ya kaunti, ni bure, weka anuani uone jina. Jina sio la unayeongea naye? Simama. Kisha rekodi za hati za karani wa kaunti, kwa sababu hati ndio inayosema. Warithi wote wakikubali inawezekana, Texas kuna kiapo cha urithi na mashahidi wawili wasio na maslahi, ila kampuni ya taito ndio iseme inatosha, sio wewe. Na hela yoyote ipite kwao. Usimpe muuzaji hela mkononi. Hata akilia. Usimpe.

Dili la pili nimefunga, nikapata dola 4,500, mama mmoja wa Garland, swali la kwanza nilimuuliza mmezaliwa wangapi akadhani namtongoza. Grupuni sijasema. Shangazi bado ananidai milioni tatu.