Kubadilisha kompyuta ya bodi (BCM) bila kuliacha gari bubu

Gari lilikuwa la jirani yangu. Indiketa ya kushoto ilikuwa ikiwaka muda wote, waipa zinafuta kioo kikavu, na milango inajifunga ufunguo ukiwa ndani na mwenyewe yuko nje. Alikuwa ameshaambiwa boksi (ndiyo hiyo kompyuta ya bodi) limekufa, anunue jingine. Tulilifungua pamoja, na kweli lilikuwa limekufa, lakini kabla ya kulikubali hilo tulipima kutwa nzima. Naandika haya ili na wewe upime kabla ya kununua.

Kompyuta ya bodi ndiyo inayoamrisha taa, indiketa, honi, waipa, vioo vya umeme na vitasa vya milango. Kwenye magari mengi ndiyo pia inayoutambua ufunguo. Kwa hiyo ukiibadilisha vibaya, hutapoteza honi tu. Gari linaweza kukataa kuwaka kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha boksi ndilo bovu

Boksi husingiziwa mara nyingi. Skana (kifaa cha kusoma makosa ya gari) ikiandika U0140, maana yake ni kwamba kompyuta nyingine zimekosa mawasiliano na BCM. Haisemi BCM imeungua. Huenda haipati umeme, huenda ethi yake (njia ya hasi inayofungwa kwenye bodi) imelegea, huenda waya wa mawasiliano umekatika njiani.

Anza na betri. Ikiwa imepumzika na iko chini ya volti 12.4, ichaji kwanza, kwa sababu umeme mdogo huzua makosa ya ajabu ambayo hupotea betri ikijaa.

Kisha pima njia za umeme zinazoingia kwenye boksi, na hapa nakusihi usitegemee multimita peke yake. Waya ulioliwa na kutu ukabaki nyuzi mbili tatu bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti mkondo wowote wa maana. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe kati ya pini ya umeme na ethi nzuri. Ikiwaka kwa nguvu yake yote, njia ni nzima. Ikiwa hafifu, fuatilia waya huo mpaka ujue umeme unapotelea wapi. Ethi nayo ipime ikiwa na mzigo: washa taa na feni, weka ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi ya boksi na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.1, kakwangue sehemu ya ethi ilipofungwa kwenye bodi kabla ya kulilaumu boksi.

Nyaya za CAN, zile mbili ambazo kompyuta za gari huongea kupitia, ni rahisi kupima. Chomoa betri, pima kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomekea skana. Inatakiwa iwe karibu omu 60. Ukipata 120, kuna mkatiko, au kizuizi (rezista) kimoja cha mwisho wa laini hakipo. Ukipata karibu sifuri, nyaya mbili zimegusana. Magari mengine yana geti katikati (kompyuta inayotenganisha soketi na nyaya nyingine), kwa hiyo angalia mchoro wa gari lako kwanza.

Mwisho, inua zulia chini ya dashibodi. Mabokisi mengi hukaa pale pembeni, karibu na miguu, na maji ya kioo cha mbele au ya mifereji ya paa hushukia hapo hapo. Kwenye gari la jirani nililikandamiza zulia kwa kidole, maji yakapanda juu ya ukucha. Plagi moja ilikuwa na unga wa kijani kwenye pini nne. Ukiona hivyo, ziba panapovuja kwanza, la sivyo boksi jipya litaugua ugonjwa ule ule.

Hatua ya 2: Soma kila kitu kutoka boksi la zamani kabla ya kuligusa

Usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Mimi niliiruka mara moja, nikalala saa tisa usiku.

Gari lilikuwa bado linaongea na skana, kwa kusitasita. Nikajiambia boksi ni bovu, la nini kulisoma, nikachomoa plagi. Pini moja iliyoliwa na kutu ikakatikia ndani ya plagi. Nilipoweka boksi jipya, programu ikauliza mpangilio wa gari, nami sikuwa nao. Nikalirudisha la zamani ili nilisome, likawa haliongei tena. Kuanzia hapo nilikuwa nabahatisha kipengele kimoja kimoja: taa za mchana zipo au hazipo, sensa ya mvua ipo au haipo, usukani uko upande gani, taa za nyuma ni LED au ni balbu za kawaida. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitesa zaidi. Niliweka balbu za kawaida, gari lilikuwa na LED. Boksi likaona mkondo mdogo mno, likatangaza kwamba kila taa ya nyuma imeungua, nami nikapoteza saa mbili nikitafuta waya uliokatika ambao haukuwepo.

Kwa hiyo, boksi la zamani likiwa bado mahali pake na bado linaongea:

Unganisha chaja imara kwenye betri, kisha soma namba za makosa kwenye kompyuta zote, si BCM peke yake. Hifadhi faili.

Soma mpangilio wote wa BCM. Kila kampuni ina jina lake kwa data hizi, lakini ni ile orodha inayoliambia boksi limo ndani ya gari la aina gani. Zihifadhi kwenye faili, halafu piga picha kila ukurasa wa skrini. Faili huharibika, na programu nyingine hukataa kufungua faili zake zenyewe. Picha itabaki.

Andika namba ya chesisi jinsi boksi linavyoitaja, uilinganishe na iliyopigwa kwenye bodi. Zikitofautiana, boksi hilo limeshawahi kubadilishwa, na ni vizuri ulijue hilo mapema. Andika pia kilomita, kwani kwenye baadhi ya magari nakala yake hukaa humo.

Hesabu funguo zinazotambuliwa, umwambie mwenye gari alete zote, hata ule wa akiba uliolala kabatini.

Kama boksi haliongei kabisa, bado kuna njia: kulifungua na kusoma kumbukumbu moja kwa moja kutoka kwenye chipu, mara nyingi yenye miguu minane. Soma mara tatu ulinganishe faili. Zikitofautiana hata kwa baiti moja, kishikio hakijagusa vizuri, usiandike chochote. Kama hujawahi kushika kifaa cha kusomea chipu, mpe fundi wa elektroniki. Mimi nilijifunzia kwenye mabokisi yaliyokwisha kufa, na nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Hatua ya 3: Pata boksi linalofaa

Linganisha namba ya kipuri yote, pamoja na herufi za mwishoni. Plagi kuingia si ushahidi.

Napendelea boksi jipya kuliko lililotumika. Mabokisi mengi yakishaandikwa namba ya chesisi ya gari moja hujifunga, na gari la pili litayakubali tu ukinakili humo kumbukumbu ya boksi lako la zamani. Kama unajua kunakili, lililotumika linafaa, na uzuri wake ni kwamba funguo na mpangilio huja vyenyewe.

Hatua ya 4: Toa, weka

Zima swichi, chomoa hasi ya betri, subiri dakika kumi. Usiguse plagi za njano, hizo ni za mifuko ya hewa. Piga picha, shika chuma cha bodi ili utoe umeme tuli mwilini, badilisha.

Hatua ya 5: Andika programu, umeme ukiwa imara

Umeme ukiyumba katikati ya kuandika, boksi linaweza kubaki na nusu ya programu, lisiamke tena. Chaja ya kawaida ya gereji haifai, kwa sababu umeme wake hupanda na kushuka. Tumia ile ya kushikilia volti wakati wa kuprogramu, iweke karibu 13.5. Usiwashe injini ili kusaidia betri. Zima feni, redio na taa, funga milango. Kompyuta yako ya mkononi iwe kwenye umeme, na uzime masasisho yake yote.

Na skana iunganishe na gari kwa waya. Watu wengi hutumia bluetooth kwa kazi hii na inawaendea sawa, lakini mimi siikubali pale kukatika kwa sekunde moja kunapoweza kuua boksi.

Andika namba ya chesisi, isome tena kwa sauti kabla ya kubofya, kwani kwenye mabokisi mengi huandikwa mara moja tu. Kisha rudisha mpangilio ulioutunza.

Hatua ya 6: Funguo

Kama injini inazunguka lakini haiwaki, au inawaka sekunde mbili na kuzima, huku taa ya ulinzi inapepesa, imobilaiza (kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka bila ufunguo inaoutambua) haijaoanishwa. Baadhi ya magari hudai funguo mbili kabla ya kukubali kuwaka. Mengine, hasa ya GM ya miaka ya nyuma, hujifunza upya kwa vipindi vitatu vya dakika kumi swichi ikiwa imewashwa. Usikate tamaa dakika ya tisa ukaanza upya.

Hatua ya 7: Jaribu, kisha liache lilale

Fundisha vioo upya: shusha mpaka chini, pandisha mpaka juu, endelea kushikilia swichi sekunde chache. Jaribu kila taa. Futa makosa kwenye kompyuta zote, endesha kidogo, soma tena.

Kisha pima mkondo gari likiwa limelala. Funga kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, funga na rimoti, weka rimoti mbali, subiri nusu saa au zaidi. Mkondo ushuke chini ya miliampia 50. La jirani lilikaa kwenye 600 kwa dakika ishirini na tano, nikaanza kuwa na wasiwasi, halafu likashuka mara mbili, likatulia kwenye 22. Hapo ndipo nilipomrudishia zulia lake, likiwa limeshakauka juani siku mbili.